Kwa nini malori ya miaka ya 60 na 70 bado yanapiga kazi kila siku?

#1 Tela Mbili
Wakuu salaam. Naleta dai, anayepinga ashuke na hoja. Malori ya zamani bado yapo barabarani kwa sababu chuma cha wakati ule kilikuwa chuma kweli. Ya leo yanatengenezwa yachoke mapema ili urudi dukani.

Sizungumzii magari ya maonyesho yanayofutwa vumbi mara moja kwa mwaka. Nazungumzia lori linalowashwa alfajiri liende kutafuta riziki. Pakistani kuna Bedford za pua zimejaa marembo mwili mzima na zinabeba mzigo kama kawaida. Sudan Bedford hizo hizo zimekatiza mchanga miaka na miaka. Ethiopia kuna Fiat 682. Brazili, Iran na Afghanistan hukosi kupishana na Mercedes 1113 ya pua fupi, gari ya mwaka 1959. Madereva wake wengi walizaliwa wakalikuta limeshachakaa.

Karibuni.

#2 Mzee Spana
Chuma kina sehemu yake mkuu, ila umeanzia mbali. Anzia kwenye pampu.

Bosch walianza kutoa pampu za dizeli za mstari mwaka 1927, na kwa zaidi ya miaka 60 malori mengi yakabaki na kanuni ile ile: kamshafti inainua plunja (kipistoni kidogo cha pampu), plunja inasukuma mafuta, nozeli inafunguka kwa msukumo wa mafuta yenyewe. Hakuna waya unaoiambia injini ichome saa ngapi. Ikishawaka, betri ife, dinamo ife, taa zife, yenyewe inanguruma tu mpaka uvute kebo ya kuzimia.

Ikiishiwa mafuta porini unahitaji spana na subira. Unalegeza skrubu ya upepo juu ya filta, unapampu kwa mkono. Kwanza yanatoka mapovu, mafuta yanatematema, rangi yake nyeupe nyeupe. Unaendelea. Yanapotoka mstari mmoja bila povu, unakaza. Unahamia kwenye pampu, hivyo hivyo. Mwisho unalegeza nati za mabomba ya nozeli huku mwenzako anapiga stata, na kila nati inayolowa unaikaza. Injini itakohoa silinda moja, mbili, halafu inashika. Umemaliza, nawa mikono uendelee na safari.

Hapo ndipo penye jibu la swali lako.

#3 Mhandisi Kijana
Tela Mbili, unaangalia yaliyobaki unasahau yaliyokufa. Malori ya miaka ya 60 yalitengenezwa kwa maelfu kwa maelfu, na sehemu kubwa yalishakatwakatwa yakayeyushwa zamani. Yaliyokatika chasisi hatuyaoni. Yaliyopasua bloku hatuyaoni. Tunaona yale machache yaliyobahatika, halafu tunasema yote yalikuwa imara.

Na chuma cha leo si kibaya. Chasisi za sasa zinatengenezwa kwa chuma chenye nguvu zaidi kwa kila kilo, ndiyo maana zinakuwa nyembamba na lori linabeba mzigo mwingi kuliko uzito wake lenyewe. Wembamba usiwadanganye.

#4 Utingo wa Zamani
Mhandisi Kijana, nakuheshimu, lakini nina swali moja: umewahi kulala chini ya lori lililopakiwa, mvua inanyesha, senta bolti (ile inayoshika springi mahali pake juu ya ekseli) imekatika na ekseli imerudi nyuma?

Mimi nimelala. Lori letu la maji lilikatika jani kubwa la springi mbali na gereji yoyote. Tuliweka kabari matairi yote, tukainua kwa jeki mbili juu ya magogo, tukachukua jani la springi la lori la aina nyingine kabisa lililokuwa limetelekezwa, likazidi urefu kidogo, tukalikata kwa msumeno, tukalitoboa. Kesho yake tulifika. Hiyo chasisi nyembamba yenye nguvu kwa kila kilo, fundi wa kijijini ataichomelea kwa moto gani? Ikipata joto la kuchomelea ovyo inapoteza ile nguvu uliyoisifia.

#5 Mhandisi Kijana
Hilo la kuchomelea ni kweli, chuma cha namna hiyo kinataka utaratibu wake. Lakini angalia unachokisema: umetoka kwenye "chuma kilikuwa imara" umeingia kwenye "chuma kilikuwa kinarekebishika". Hayo ni mambo mawili. Jani lenu la springi lilikatika, sivyo?

#6 Utingo wa Zamani
Lilikatika kwa sababu tanki lilikuwa kubwa kuliko lori. Tuendelee.

#7 BintiDereva
Habari za humu. Baba yangu aliendesha Fiat 682 mpaka alipostaafu, nami nimekulia kwenye kabini ile. Injini silinda sita, zaidi ya lita 10, sauti yake unaisikia kabla hujaiona. Usukani ulikuwa kulia, na si kwa ajili ya nchi zinazopita kushoto. Waitalia wenyewe, wanaopita kulia, malori yao makubwa ya enzi hizo waliyaweka usukani kulia ili dereva aone ukingo wa barabara za milimani.

Giaboksi yake haina sinkro, yaani kile kifaa cha kulinganisha kasi ya gia kabla hazijashikana. Kushusha gia ni kazi ya miguu na masikio: unakanyaga klachi, unatoa gia, unaachia klachi ukiwa nyutro, unapiga moto kidogo injini ipande, unakanyaga klachi tena, halafu gia inaingia bila kelele. Ukikosea inasaga mpaka abiria wanageuka. Baba hakuwa anasaga. Na alikuwa hampi mtu usukani mpaka aonyeshe anajua hiyo.

Kwa hiyo nami naongeza jibu langu: malori yale yamedumu kwa sababu ya watu walioyaendesha. Lori jipya linamsamehe dereva mzembe, la zamani lilimfukuza kazi.

#8 Gia Kumi
Dada BintiDereva umeandika vizuri sana. Baba yako shikamoo yake.

Tela Mbili, marekebisho kidogo kwenye #1. Familia ya Mercedes ya pua fupi ndiyo ilitoka 1959, lakini hapakuwa na 1113 mwaka huo. Namba za mtindo huo zilianza 1963, na zinasomeka hivi: 11 ni tani za uzito wote, 13 ni nguvu ya farasi 130. Kwa hiyo 1113, tani 11, farasi 130. 1924, tani 19, farasi 240. Injini inayojulikana zaidi kwenye 1113 ni OM 352, silinda sita, lita 5.7 hivi, yenye kuchoma moja kwa moja juu ya pistoni, nayo ilikuja katikati ya miaka ya 60. Kabla ya hapo injini ilikuwa nyingine.

Ukiona mtu anauza "1113 ya 1959" muulize karatasi zake.

#9 Mpenda Historia
Nashukuru Gia Kumi, nilitaka kusema hilo hilo. Niongeze kitu ambacho wote mmekiruka: hayo malori yalitengenezwa muda mrefu mno bila kubadilishwa.

Pua fupi ya Mercedes ilianza 1959 na Ujerumani wakaendelea kuitoa kwa ajili ya kuuza nje mpaka katikati ya miaka ya 90. India, Tata waliingia mkataba na Daimler-Benz, wenye Mercedes, mwaka 1954, ukaisha 1969, nyota ikatoka mbele ya lori ikakaa herufi ya Tata, lakini lori likaendelea lile lile miaka mingi sana baadaye. China, kiwanda cha Changchun kilitoa Jiefang CA10 ya kwanza mwaka 1956 kwa kunakili ZIS-150 ya Wasovieti, na mpaka 1986 bado kilikuwa kinaitoa. Miaka 30, lori moja!

Fikiria maana yake kwa mwenye gari. Gasketi ya lori la mwaka wa mwanzo inaingia kwenye lori la mwaka wa mwisho. Duka la spea linaweka kabati moja linahudumia vizazi viwili. Lori likifa, linakuwa ghala la mengine kumi. Hakuna fundi wala chuma kingeokoa lori ambalo spea zake zilitoka miaka sita tu zikakoma.

Kwa upande wa Bedford, General Motors walijitoa kwenye kutengeneza malori hayo Uingereza mwaka 1986, lakini Pakistani yalikuwa yameshaunganishwa Karachi kwa wingi kiasi kwamba karakana ndogo ndogo zilijifunza kutengeneza karibu kila kipande. Lori likishafika hapo halimtegemei tena aliyelibuni.

#10 Mama Tipa
Wote mnaongea injini. Mimi namiliki malori, ya zamani na mapya, acha niwaambie upande wa daftari.

Lori jipya la mkopo halijui kupumzika. Likisimama siku nzima kwenye foleni ya kupakia mchanga, benki haisimami. La zamani nililishalipia, likisimama halinidai kitu. Ndiyo maana la zamani nimelipangia kazi za karibu: machimbo kwenda eneo la ujenzi, foleni ndefu, safari fupi, barabara mbovu, kijiko kinamwaga mawe kutoka juu mpaka bodi inalia. Nani atapeleka lori la mkopo likapigwe mawe hivyo? Lori jipya nimelipangia masafa marefu ya lami, huko ndiko linakorudisha hela kwa kunywa mafuta kidogo na kwenda kasi.

Siku moja nikizibadilisha hizo kazi nitafilisika pande zote mbili. La zamani likienda masafa marefu litanimaliza kwa mafuta na kuchelewa, na jipya likikaa foleni ya mchanga litanimaliza kwa marejesho.

Kwa hiyo, Tela Mbili, ukiliona la zamani linafanya kazi usiulize limetengenezwa na nini. Uliza linafanya kazi gani.

#11 Tela Mbili
Mama Tipa heshima yako. Hiyo sikuwahi kuisikia imeelezwa hivyo.

#12 Chuma Chakavu
Mimi nawaharibia sherehe. ZIL-130 mnaifahamu? Kabini ya bluu, uso mweupe, lilianza kutengenezwa kwa wingi Moscow mwaka 1964. Lori imara kweli kweli, baridi kali halilijui. Lakini injini yake ni V8 ya petroli, lita sita, farasi 150, na inakunywa usiombe. Mafuta yalipopanda bei wenye nayo walifanya nini? Wengine walifunga mitungi ya gesi. Wengine waling'oa V8 wakaweka dizeli ya silinda nne kutoka Minsk. Kuba pia malori ya Kimarekani ya kabla ya mapinduzi mengi yanatembea na dizeli za Kisovieti.

Kwa hiyo lori la mwaka 1965 mnalolisifu lina injini ya mwaka 1995, giaboksi ya lori lingine, matairi mapya na bodi iliyosukwa juzi. Kilichodumu hapo ni kipi?

#13 Tela Mbili
Swali zuri. Wazee, lori likibadilishwa injini, giaboksi na kabini, bado ni lile lile?

#14 Mzee Spana
Chasisi ndiyo gari. Namba imegongwa pale, kadi inasoma pale. Vingine vyote ni nguo. Pakistani wanavua kabini ya Bedford karibu yote, wanasuka upya kwa bati na mbao, milango mingine ya mbao iliyochongwa maua, na hakuna anayesema hiyo si Bedford.

#15 Kipusa wa Gereji
Mzee Spana shikamoo. Kwetu gereji tuliwahi kuletewa lori lenye chasisi iliyounganishwa vipande vya malori mawili, mbele la kwake na nyuma la jingine, mshono umefunikwa na bati la kuongezea nguvu. Hapo gari ni lipi?

#16 Mzee Spana
Marahaba binti. Gari ni lile lenye namba. Na aliyeunganisha pale kati ya ekseli bila kuliambia jicho la mkaguzi, Mungu anamwona.

#17 Mkaguzi
Nimetajwa, nimekuja. Nimekagua magari ya biashara muda mrefu na nauliza swali ambalo humu hakuna anayeligusa: breki.

Malori mengi mnayoyasifu yalitoka kiwandani na breki za mfumo mmoja. Bomba moja likipasuka, matairi yote yanapoteza breki kwa wakati mmoja. Lori la kisasa la breki za upepo lina mifumo miwili, na lina springi ndani ya chemba: upepo ukiisha, springi inabana breki yenyewe, lori linagoma kutembea. La zamani upepo ukiisha, breki ndiyo imeisha. Yale madogo zaidi yana breki za maji zinazosaidiwa na vakyumu. Mpira wa vakyumu ukichanika, dereva anasimama juu ya pedali kwa miguu yote miwili na lori linaendelea na safari zake.

Na kuna vumbi. Laini za breki za enzi hizo nyingi zilikuwa na asbesto. Umoja wa Ulaya ulikuja kuipiga marufuku kabisa mwaka 2005. Mafundi wanapuliza drama kwa kompresa, wanavuta lile vumbi, na madhara yake kwenye mapafu yanajitokeza miaka mingi baadaye. Kama una stoo ya laini za zamani zilizobaki, usizifunge, na usipulize drama. Lowesha kwa maji ndipo usafishe.

#18 Utingo wa Zamani
Mkaguzi nakubali breki, lakini dereva wa lori lile anajua halina breki ya kutegemea. Ndiyo maana kuna kanuni: gia unayopandia mlima ndiyo unayoshukia. Anashuka gia ya pili, injini inashika, mguu hauko kwenye breki. Nami niko nje kwenye ngazi, kabari mkononi. Madereva wa siku hizi wanashuka wamekanyaga breki mpaka drama zinatoa moshi.

#19 Mkaguzi
Utingo, wewe uliyening'inia nje na kabari ndiye breki ya dharura ya lori hilo. Hilo ndilo ninalolikataa. Uhai wa mtu usiwe kifaa cha gari.

Kanuni ya gia ni sahihi na naifundisha hadi leo. Ila gia ikichomoka katikati ya mteremko kwenye giaboksi isiyo na sinkro, na lori limeshapata kasi, BintiDereva atawaambia kama inarudi.

#20 BintiDereva
Hairudi kirahisi. Baba alikuwa anasema ikichomoka mteremkoni tafuta pa kupanda, hata kama ni ukuta wa udongo. Na usishuke nyutro kuokoa mafuta, kamwe.

#21 Kipusa wa Gereji
Nirudi kwenye swali la mwanzo, maana kuna sababu naona kila siku na haijasemwa: mafuta yenyewe.

Lori la Euro VI, kiwango kilichoanza Ulaya kati ya 2013 na 2014, linataka dizeli yenye salfa isiyozidi sehemu 10 kwa milioni. Lina chujio la masizi kwenye ekzosi, lina tanki la yurea, lina nozeli zinazofanya kazi kwenye msukumo wa baa 2,000 na kuzidi. Nozeli ya OM 352 inafunguka kwenye baa 200 hivi. Hebu linganisha. Kwenye baa 2,000 uchafu usioonekana kwa macho unatosha kukwaruza. Mtu analileta lori zuri la kisasa likiwa limejazwa mafuta ya kwenye mapipa, chujio la masizi limeziba, kompyuta imepunguza nguvu, linatambaa. Siku hiyo hiyo la zamani limejazwa pipa lile lile na limeondoka.

Halafu lile la zamani likichoka kabisa tunashusha injini, tunapeleka krenki ikasagwe, tunaweka beringi za saizi inayofuata, silinda zinakerezwa au zinawekwa slivu mpya, injini inaanza maisha. Waliobuni waliacha nafasi ya kukereza mara kadhaa. Kazi hiyo inafanyika popote penye mashine ya kukereza na mtu makini.

#22 Chuma Chakavu
Pampu ya zamani nayo haipendi maji kwenye mafuta, usiwadanganye watu. Nimeona plunja zilizoota kutu zikakwama.

#23 Kipusa wa Gereji
Ni kweli kaka, maji hayana rafiki. Lakini plunja zile zinabadilishwa na pampu inapimwa upya kwenye benchi. Nozeli ya kisasa ikikwaruzika mara nyingi unanunua nzima.

#24 Nahodha wa Nchi Kavu
Mmesahau hali ya hewa. Angalieni ramani ya yalipobaki: Sudan, Pakistani, Afghanistan, kusini mwa Aljeria. Ukavu. Bati halioi. Uingereza wanamwaga chumvi barabarani wakati wa barafu, na chumvi inakula kabini na chasisi hata kama injini ni nzima. Injini ya huko huko, Gardner 6LX ya mwaka 1958, lita 10.45, farasi 150, ilisifika kwa kudumu na kunywa kidogo. Nyingi zilizidi umri wa lori lililozibeba.

Aljeria Berliet walikuwa na kiwanda Rouïba tangu miaka ya 50. Zile Berliet kubwa T100 ndizo zilizovuka jangwa la Ténéré mwaka 1959. Jangwa linatunza.

#25 Mpenda Historia
Nahodha, hapo umechanganya. T100 ilikuwa jitu la kubeba mitambo ya visima vya mafuta, ilionyeshwa 1957, na zilitengenezwa nne tu. Msafara wa Ténéré wa mwishoni mwa 1959 na mwanzoni mwa 1960 ulitumia GBC 8, ile iliyoitwa Gazelle, lori la magurudumu sita. Na Gazelle ndiyo iliyozaa malori ya kazi yaliyosambaa Sahara na jeshini. T100 ilibaki kuwa kitu cha kupigia picha.

Kuhusu kuoza sikubaliani sana. Uingereza hiyo hiyo yenye chumvi, AEC Matador za jeshi za Vita Kuu ya Pili, gari lisilofika hata kilomita 60 kwa saa, ziliuzwa kwa wavuna magogo na wavuta magari mabovu, zikafanya kazi kwa miongo baada ya vita. Zilidumu kwa sababu zilikuwa na winchi, zilivuta matairi yote manne, na hakuna aliyezidai kasi. Hapo narudi kwa Mama Tipa: kazi ndiyo inayoamua.

#26 Nahodha wa Nchi Kavu
Matador moja kwenye msitu haiwezi kufuta jangwa zima mkuu. Hesabu kabini zilizobaki na bati lake la kiwandani, uone ziko wapi.

#27 Mhandisi Kijana
Naomba pia tutaje moshi. London walianzisha eneo la kuzuia malori machafu mwaka 2008. India, mahakama maalumu ya mazingira iliamuru mwaka 2015 kwamba dizeli zilizozidi miaka 10 zisitembee Delhi. Dizeli ya zamani inatoa masizi laini yanayoingia mpaka ndani kabisa ya mapafu, na anayevuta si mwenye lori, ni mama anayeuza kando ya barabara na mtoto anayekwenda shule. Tukipiga hesabu ya Mama Tipa, hiyo gharama iko kwenye daftari la nani?

#28 Mama Tipa
Swali la haki. Kwenye daftari langu haipo, na sitasema ipo. Lakini wanaofukuza lori mjini kwao hawalichinji. Linapakiwa melini, linashuka kwingine, moshi ni ule ule. Anayetaka liondoke duniani alinunue alikate. Mimi ninachoweza nakifanya: nozeli zinapimwa, filta ya hewa inabadilishwa, pampu haichezewi ili litoe nguvu za bure. Lori linalotoa moshi mweusi linachoma hela yangu pia.

#29 Gia Kumi
Hilo la kuchezea pampu ni muhimu. Ukiona la zamani linafukiza, mara nyingi mtu ameongeza mafuta kwenye pampu. Au liko juu sana: injini isiyo na tabo (kile kifaa cha kuisukumia hewa) inapoteza karibu asilimia 10 ya nguvu kwa kila mita 1,000 unazopanda, hewa inapungua mafuta yanabaki yale yale, moshi unakuja.

Swali langu kwenu: miaka 30 ijayo nani atakuwa 1113? Mercedes Actros ya kwanza ilitoka 1996, kompyuta imejaa. Itazeeka vipi?

#30 Mzee Spana
Haitazeeka. Waya zitakatika kwanza.

#31 Chuma Chakavu
Mzee wangu, vijana wanaofungua hizo kompyuta wapo tayari. Wanachomeka waya, wanasoma hitilafu, wanachomelea vipande vidogo vya saketi chini ya kioo cha kukuzia. Hata enzi zenu waliogopa pampu ya dizeli, wakasema kabureta ndiyo inaeleweka. Actros za miaka ya 90 zinafanya kazi leo na zina karibu miaka 30.

#32 Mzee Spana
Wanasoma hitilafu, sawa. Kipande chenyewe wanakitoa wapi kiwanda kikiacha kukitengeneza? Jani la springi unalikata kwa msumeno. Kompyuta unaikata kwa nini?

#33 Dogo Lori
Shikamooni wakubwa. Samahani kuingilia, nina shida halisi. Nina lori lenye OM 352. Likiwa tambarare halina neno. Likipanda mlima mrefu na mzigo linapungua nguvu taratibu mpaka linazima. Nikikaa kidogo linawaka na kuendelea. Filta nimebadilisha. Halichemki, geji iko kawaida.

#34 Mzee Spana
Marahaba. Linavuta hewa upande wa kunyonya. Kagua mpira kutoka tenki mpaka kwenye pampu ndogo ya kuvuta mafuta, pamoja na klempu zake. Ufa upande huo hauvujishi mafuta nje, unaingiza hewa ndani, kwa hiyo usitafute pa kulowa.

#35 Kipusa wa Gereji
Ingekuwa hewa, lingesumbua pia kuwaka asubuhi. Dogo, asubuhi linawaka vipi? Mimi naanza na mfuniko wa tenki. Tundu la kupumulia likiziba, tenki linatengeneza ombwe kadiri mafuta yanavyopungua, na mlimani ndipo linapodai mengi. Likisimama hewa inapenya taratibu, linawaka. Siku likikuzimia, legeza mfuniko, sikiliza kama linavuta pumzi.

#36 Dogo Lori
Asubuhi linawaka mara moja.

#37 Utingo wa Zamani
Kuna takataka ndani ya tenki. Kitambaa, jani, kipande cha nailoni, kinafuata mkondo kinaziba mdomo wa bomba. Ukizima kinaachia kinazama. Tulihangaika na lori moja hivyo mpaka tulipomwaga tenki lote tukakuta kitambaa cha mtu.

#38 Mkaguzi
Vyovyote mtakavyokubaliana, Dogo usilijaribu mlimani na mzigo. Likizima kwenye mwinuko kompresa nayo imesimama, na upepo uliobaki ndio breki zako zote. Jaribu tupu, na mtu wa kabari awe chini, pembeni, asisimame nyuma ya tairi.

#39 Dogo Lori
Nimewaelewa wote. Kesho naanza na mfuniko kwa sababu ni kazi ndogo, nikitoka hapo namwaga tenki. Mpira wa kunyonya nitabadilisha tu, ni wa siku nyingi.

#40 Mzee Spana
Ukibadilisha mpira, mfuniko na kusafisha tenki siku moja, hatutajua nani kati yetu alikuwa sahihi. Badilisha kimoja kimoja. Na weka picha ya hilo lori, tuone namba ya chasisi imegongwa wapi.